Kulinda Misitu ya Mvua ya Uganda kwa Pamoja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wasemaji wa Kiswahili walioko Uganda ambao maisha yao yanagusana na msitu kwa namna moja au nyingine: wakulima wanaopakana na hifadhi za Hoima, Kikuube na Masindi, wafanyabiashara wa mbao na makaa, askari, walimu, na wakimbizi waliotoka Kongo. Majibu yanafuata sheria na uzoefu wa Uganda. Pale ambapo jambo linahitaji wakili, tumesema hivyo.

Misitu ya mvua ya Uganda iko wapi, na imebaki kiasi gani?

Iliyo mikubwa iko magharibi, juu ya kingo za bonde la ufa na ndani yake: Budongo, Bugoma, Kibale, Kalinzu, Kasyoha-Kitomi, Bwindi, na Semuliki, ambao kwa hakika ni ncha ya mashariki ya msitu mkubwa wa Ituri ulioko Kongo. Karibu na Ziwa Victoria kuna Mabira, Sango Bay, na vipande vilivyosalia katika visiwa vya Ssese.

Mwaka 1990 misitu ya aina zote ilifunika takriban asilimia 24 ya nchi kavu ya Uganda. Kufikia mwaka 2015 ilikuwa imebaki asilimia 9 hivi. Vipimo vilivyofuata vinaonyesha kupanda kidogo, hadi asilimia 12 au 13, lakini ongezeko hilo lisimfurahishe mtu kupita kiasi, kwa sababu limechangiwa pia na mashamba ya misonobari na mikalitusi, ambayo kwenye takwimu huhesabiwa kuwa msitu ingawa sokwe hawezi kuishi humo wala mkangazi kuota. Upotevu mkubwa zaidi umetokea nje ya hifadhi, katika ardhi ya watu binafsi na ya jamii, mahali ambapo hakuna askari wa doria na ambapo mwenye shamba huamua peke yake asubuhi moja kuuza miti yote.

Nani hasa mwenye msitu?

Swali hili ni la msingi kuliko linavyoonekana, kwa sababu kikundi kinachoanza kazi bila kujua jibu lake hupeleka malalamiko kwa ofisi isiyohusika na kupoteza miezi mingi.

Hifadhi kuu za misitu, ambazo ni 506 nchini kote, zinasimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Misitu, inayojulikana zaidi kwa jina la NFA. Mabira, Budongo na Bugoma zimo katika kundi hili. Hifadhi za taifa, kama vile Kibale, Bwindi na Semuliki, ziko chini ya Mamlaka ya Wanyamapori, yaani UWA. Kuna hifadhi ndogondogo zilizo mikononi mwa serikali za wilaya, na huko wa kumwendea ni ofisa misitu wa wilaya. Msitu uliobaki umo katika ardhi ya watu binafsi, ya koo, au ya jamii nzima.

Kwa hifadhi za serikali, neno "mwenyewe" lina maana ya pekee. Ibara ya 237 ya Katiba inasema kwamba serikali kuu au serikali ya wilaya inazishika kama amana kwa niaba ya wananchi wote. Mshika amana haruhusiwi kuuza wala kugawa alichokabidhiwa, na hati ya kumiliki ardhi iliyotolewa ndani ya hifadhi baada ya hifadhi hiyo kutangazwa ni hati inayoweza kufutwa. Takriban kila kesi ya maana kuhusu misitu nchini imesimama juu ya hoja hiyo moja ya amana.

Kwa nini tufanye kwa pamoja? Je, mtu mmoja mwenye msimamo hatoshi?

Mtu mmoja hutambulika kwa urahisi, hutishwa kwa urahisi, na hununuliwa kwa urahisi. Anayekata mikangazi usiku kwa msumeno wa mnyororo mara nyingi ana mteja mjini, ana lori, na pengine ana ndugu ofisini. Mkulima anayempinga peke yake hana chochote isipokuwa simu yake, na kesho atakutana na mtu huyo sokoni.

Sababu ya pili inahusu hesabu. Mwenye ekari tano za msitu akijizuia kukata huku majirani zake wote wakiendelea, atapoteza pesa za mbao, na baada ya miaka michache atabaki na kisiwa cha miti kinachovamiwa na ngedere na nyani waliokosa mahali pengine pa kwenda. Kujizuia kunakuwa na maana pale tu majirani wanapojizuia pamoja na kila mmoja anapokuwa na uhakika kwamba mwenzake hatamzunguka. Uhakika huo hauletwi na urafiki. Unaletwa na kanuni zilizoandikwa, faini inayojulikana, na kamati ambayo watu wanaiona ikitoza faini hiyo hata kwa jamaa ya mwenyekiti.

Kijiji chetu kinapakana na hifadhi ya NFA. Tunaweza kupewa sauti katika usimamizi wake?

Mnaweza. Sheria ya Taifa ya Misitu na Upandaji Miti ya mwaka 2003 inairuhusu mamlaka inayosimamia hifadhi kufunga mkataba wa usimamizi wa pamoja na kikundi cha wakazi wa jirani. Maofisa huuita mkataba huo CFM, na ni vizuri kulitumia jina hilo mnapofika ofisini ili msipelekwe dirisha jingine. Mikataba ya namna hii imefungwa kando ya Budongo, Mabira, Kasyoha-Kitomi, Echuya na kwingineko.

Njia yenyewe ni ndefu. Kwanza kikundi kinajisajili gombolola (ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya) na wilayani kama kikundi cha kijamii chenye katiba, viongozi waliochaguliwa na akaunti ya benki. Kisha kinapeleka maombi kwa meneja wa NFA wa eneo hilo. Baada ya hapo hufanyika uchunguzi wa pamoja: ni sehemu gani ya msitu inayozungumziwa, nani anaitumia, anachukua nini, wapi pameharibiwa, na migogoro gani ipo tayari. Ndipo mazungumzo yanapoanza juu ya haki na wajibu, na mwishowe mkataba unatiwa sahihi, mara nyingi kwa kipindi cha miaka 10.

Kikundi kwa kawaida huruhusiwa kuokota kuni kavu, kuchuma uyoga na mitishamba, kukata nyasi, kutundika mizinga ya nyuki, na pengine kupanda miti katika sehemu ya hifadhi iliyokwisha kuharibiwa. Nacho kinaahidi kufanya doria, kuzima moto na kutoa taarifa za ukataji haramu.

Mazungumzo ndiyo huchosha, na vikundi vingi hufia hapo. Kuna vilivyosubiri miaka kadhaa kupata sahihi moja. Ushauri wetu ni huu: kabla ya kusaini, kaeni na mtu anayeelewa mikataba msome kipengele cha mgao, kwa sababu ni rahisi sana kujikuta mmekubali kazi yote ya ulinzi huku mapato ya mbao zilizokamatwa, ada za watalii na leseni yakienda yote upande wa pili. Mkataba usiotaja asilimia ya mapato hayo unahitaji kurudishwa mezani. Hakikisheni pia kwamba wanawake, ambao ndio wanaoingia msituni karibu kila siku kutafuta kuni na maji, wamo katika kamati na si katika orodha ya mahudhurio tu. Wao huwa wa kwanza kujua njia mpya imefunguliwa wapi.

Kwa wanaopakana na hifadhi za taifa utaratibu ni tofauti kidogo. Sheria ya wanyamapori inatenga asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi kwa ajili ya jamii za jirani, na pesa hizo hupitia serikali za mitaa. Kikundi kilichosajiliwa kina haki ya kuuliza zilifika lini na zilijenga nini.

Msitu wetu ni wa ukoo, hauko katika hifadhi yoyote. Tufanye nini ili usiuzwe kipande kwa kipande?

Hapa ndipo kazi kubwa iliko, na ndipo watu wanapokosa habari. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inairuhusu jamii inayoshika ardhi kwa pamoja kuunda chama cha ardhi ya jamii. Mkutano unaitishwa mbele ya msajili wa wilaya. Angalau asilimia 60 ya wahusika wakikubali, wanachagua kamati ya watu kati ya 3 na 9, na theluthi moja ya kamati hiyo lazima wawe wanawake. Chama kikishasajiliwa kinaweza kumiliki ardhi kwa jina lake. Kuanzia hapo kijana mmoja wa ukoo hawezi tena kumpeleka mnunuzi msituni akadai ni urithi wake, kwa kuwa hati itasema vingine.

Baada ya hatua hiyo, sheria ya misitu ya 2003 inafungua mlango wa kuutangaza msitu huo kuwa msitu wa jamii. Ongo na Alimugonza, huko Masindi, ni miongoni mwa jamii zilizotangulia kupita njia hiyo. Mwenye msitu binafsi naye anaweza kuusajili wilayani.

Gharama ya kupima mipaka ndiyo inayowavunja watu moyo, na hatuna njia ya kuipunguzia makali isipokuwa kupendekeza kwamba koo mbili au tatu zinazopakana ziajiri mpima mmoja kwa wakati mmoja. Wakati mnasubiri pesa hizo, pandeni miti ya mpaka inayotambulika na pande zote, andikeni makubaliano ya mipaka mbele ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), na majirani wote watie sahihi. Karatasi hiyo si hati, lakini mahakamani ina uzito kuliko kumbukumbu za mzee mmoja.

Nimesikia kuna watu wanaolipwa ili wasikate miti. Ni kweli?

Ni kweli, na Uganda ina ushahidi ulio bora kuliko nchi nyingi. Kati ya mwaka 2011 na 2013 jaribio lilifanyika katika vijiji 121 vya Hoima na Kibaale. Katika vijiji 60, vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, wenye misitu waliahidiwa shilingi 70,000 kwa hekta kwa mwaka iwapo wangeacha kukata. Vijiji vilivyobaki havikuahidiwa kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Katika vijiji visivyolipwa miti ilipungua kwa asilimia 9.1 katika miaka miwili, na katika vijiji vilivyolipwa ilipungua kwa asilimia 4.2. Hayo yalipatikana ingawa ni theluthi moja hivi tu ya waliostahili waliojiunga.

Tunaitaja tofauti hiyo kwa sababu inajibu watu wa aina mbili. Wapo wanaosema kwamba mkulima maskini hawezi kamwe kuacha kukata, takwimu zinawapinga. Wapo pia wanaosema kwamba elimu ya mazingira pekee inatosha. Hao nao wajiulize kwa nini shilingi 70,000 zilifanya kazi ambayo mabango yalishindwa kuifanya. Mwenye msitu anakata kwa sababu ana ada ya shule ya kulipa mwezi wa pili, na mtu anayemwomba asikate bila kuzungumzia ada hiyo hajaingia bado katika mazungumzo.

Lakini muwe waangalifu na mawakala wa hewa ya ukaa, yaani wanaotoa malipo kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti, wanaofika vijijini na fomu. Ulizeni malipo ni ya miaka mingapi, mkataba unamfunga mrithi au la, mti ukifa kwa ukame nani anabeba hasara, na nakala ya mkataba itabaki kwa nani. Asiyetaka kuwaachia nakala aondoke nayo.

Ni kweli kwamba wananchi waliuokoa Mabira?

Kwa sehemu kubwa ni kweli, ila kisa hicho kinasimuliwa kwa wepesi mno.

Mabira ni hifadhi ya takriban hekta 30,000 kati ya Mukono na Buikwe, pande mbili za barabara ya Kampala–Jinja, na maji yake huulisha mto Sezibwa. Serikali ilipendekeza kukata hekta 7,100 za hifadhi hiyo na kuzikabidhi kwa kampuni ya sukari ya Lugazi ili izipande miwa. Upinzani ulitoka kila upande: wabunge wa chama tawala na wa upinzani, viongozi wa dini, wanafunzi, wanamazingira, na ufalme wa Buganda, ambao ulijitolea kutoa ardhi nyingine badala ya msitu. Ujumbe wa simu ulisambaa ukiwataka watu wasinunue sukari ya kampuni hiyo, na baadhi ya maduka yakaacha kuiweka. Baadaye mwaka 2007 serikali ikauweka mpango kando.

Hata hivyo, maandamano ya tarehe 12 Aprili 2007 mjini Kampala yaliishia kwa vurugu, watu wenye asili ya Kihindi wakashambuliwa kwa sababu tu wamiliki wa kampuni walikuwa wa asili hiyo, na watu watatu wakafa. Kila anayeutaja ushindi wa Mabira anapaswa kulitaja hilo pia. Mauaji hayo hayakuusaidia msitu hata kidogo: yaliwapa wapinzani wetu sababu ya kuita kila mkutano wa mazingira fujo, na yaliwaumiza watu ambao hawakuhusika na uamuzi wowote.

Jambo jingine linalosahauliwa ni kwamba mwaka 2011 mpango uleule ulifufuliwa. Ulipata upinzani tena, na safari hii waliokuwa na kumbukumbu za mwaka 2007, yaani barua, ramani, hesabu za uzalishaji wa miwa na majina ya wabunge waliounga mkono, ndio waliokuwa tayari mapema. Hasira za mwaka 2007 zilikuwa zimekwisha poa kitambo. Faili hazikupoa.

Basi kwa nini Bugoma haikupata bahati hiyo?

Bugoma, yenye hekta zaidi ya 41,000 huko Kikuube, ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932 na ni makazi ya mamia ya sokwe. Mwaka 2016 ufalme wa Bunyoro-Kitara, unaodai kwamba sehemu ya eneo hilo ni ardhi yake ya asili, ulikodisha maili za mraba 22 kwa kampuni ya sukari ya Hoima. NFA ilipinga kwa hoja kwamba ardhi hiyo imo ndani ya hifadhi. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Masindi iliupa ufalme ushindi, na mwaka 2020 mamlaka ya mazingira, NEMA, ikatoa cheti cha kuuruhusu mradi. Baadhi ya wanaharakati na waandishi wa habari walikamatwa Hoima mwaka huo walipojaribu kuupinga.

Kwa maoni yetu tofauti kubwa iko katika mambo mawili. La kwanza ni mahali: Mabira iko ukingoni mwa barabara kuu, na kila abiria wa matatu anayekwenda Jinja huiona kwa macho yake na kununua kuku wa kuchoma pale Najjembe, ilhali Bugoma iko mbali na wapiga picha. La pili lina uzito zaidi. Katika kisa cha Mabira ufalme ulikuwa upande wa msitu. Katika kisa cha Bugoma ufalme ndio uliokuwa mdai. Vuguvugu la wananchi hupata shida kubwa linapokabiliana na mamlaka ambayo wananchi haohao wanaiheshimu, na wanaotetea Bugoma hawakuwa na mpaka uliopimwa upya na kukubaliwa na pande zote kabla ya mgogoro kufika mahakamani. Mipaka hupimwa wakati wa amani.

Sheria inatupa silaha gani zaidi ya maandamano?

Nyingi, na tatu kati yake hutumika kwa nadra kuliko inavyostahili.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005 inampa kila raia haki ya kuomba nyaraka zilizo mikononi mwa serikali, na ofisa anatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Ombeni ramani ya hifadhi, leseni za ukataji zilizotolewa mwaka huu, na ripoti ya tathmini ya mazingira ya mradi mnaoutilia shaka. Mara nyingi ofisi ikijua kwamba kuna watu wanaosoma leseni, leseni hupungua.

Ibara ya 39 ya Katiba inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya, na ibara ya 50 inamruhusu mtu au shirika kwenda mahakamani kutetea haki za wengine bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia. Kwa njia hiyo shirika la utetezi wa mazingira la ACODE liliishitaki serikali mwaka 2004 kuhusu hifadhi ya Butamira, karibu na Jinja, iliyokuwa imepewa kiwanda cha sukari cha Kakira. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2005 kwamba serikali ilikiuka wajibu wake wa amana kwa wananchi. Hukumu hiyo bado hutajwa na mawakili hadi leo. Kesi za aina hii zinahitaji wakili, na yapo mashirika ya sheria za mazingira yanayozichukua bila malipo pale ambapo kikundi kina ushahidi uliopangwa vizuri.

La tatu ni kushiriki katika vikao vya hadhara vya tathmini ya mazingira. Watu hufika wakiwa na uchungu mwingi na maandishi machache. Wasilisheni maoni kwa maandishi, mpewe nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Kuhusu kuandamana: ibara ya 29 inalinda mikusanyiko ya amani isiyo na silaha. Wajulisheni polisi kwa barua, wekeni wasimamizi wenu wa utaratibu, na mkiona wageni wenye mawe, malizeni mkutano.

Tunasikia misumeno usiku. Tuwafuate?

Msiwafuate. Wakataji wa usiku huja wengi na wana mapanga, na hakuna mti wenye thamani ya maisha ya mtu.

Kazi ya kikundi ni kushuhudia na kutoa taarifa. Andikeni tarehe, saa, upande sauti inakotoka, namba ya lori, na njia liliyopita. Kukicha nendeni watu watatu au zaidi mkapige picha za visiki huku simu ikionyesha mahali. Mpeni taarifa mwenyekiti wa LC1 kwa maandishi, kisha ofisa wa NFA au wa wilaya, kisha polisi, na mwombe namba ya kumbukumbu ya taarifa yenu. Pale ambapo ofisa mmoja anashukiwa kushirikiana na wakataji, pelekeni nakala kwa RDC (mwakilishi wa Rais wilayani) na kwa makao makuu ya taasisi yake siku hiyohiyo, ili taarifa isifie mezani pake.

Kwa wenye simu za kisasa, tovuti ya Global Forest Watch huonyesha bila malipo sehemu ambazo setilaiti imegundua kupungua kwa miti, na programu ya Forest Watcher hufanya kazi hata mahali pasipo na mtandao. Setilaiti huona pengo. Jina la mkataji hulijua jirani.

Wanunuzi wa mbao nao wana sehemu yao. Mbao halali hupigwa alama kwa nyundo maalumu ya wakaguzi na husafirishwa kwa kibali. Seremala au fundi anayenunua bila kuuliza alama na kibali, hasa mbao za mvule na mkangazi, ziwe za Budongo au zilizovuka mpaka kutoka Ituri, ndiye anayelipia msumeno wa usiku.

Mimi naishi Kampala na sijawahi kukanyaga msituni. Nahusika vipi?

Unahusika kila jioni unapowasha sigiri. Kaya nyingi mno za Uganda hupika kwa kuni au makaa, na tanuri la kienyeji la udongo hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makaa kwa kila kilo 100 za kuni.

Mwezi Mei 2023 Rais Museveni alitoa amri iliyopiga marufuku uzalishaji wa makaa ya biashara katika maeneo ya kaskazini, baada ya miezi ya malalamiko huko Acholi, ambako vijana walikuwa wameanza kuyazuia malori wao wenyewe. (Misitu ya huko si ya mvua, lakini lori lililozuiwa Gulu hutafuta makaa kwingine, na kwingine huko ni Hoima na Kiboga.) Tunauelewa uchungu wa vijana hao, lakini kukamata mali ya mtu barabarani bila ofisa ni njia ya haraka ya kushitakiwa kwa unyang'anyi.

Nguvu ya mkazi wa mji iko katika ununuzi wa pamoja. Familia moja ikinunua jiko banifu, tofauti ni ndogo. Shule ya bweni inayopikia wanafunzi mia nane ikiachana na mafiga matatu na kujenga majiko yenye bomba la moshi, hapo kuna lori zima la kuni zinazobaki shambani kila muhula. Kamati za wazazi, misikiti, makanisa na vyama vya akiba vinaweza kudai na kugharimia jambo hilo bila kumsubiri mfadhili.

Tumeamua kupanda miti. Mikalitusi inafaa?

Inafaa kwa kuni na nguzo, ikipandwa kwenye ardhi iliyochoka na mbali na chemchemi. Hairudishi msitu. Sehemu ya msitu iliyokatwa ikiachwa bila moto wala mifugo mara nyingi hujiotesha yenyewe, kwa mbegu zinazoletwa na ndege na popo, na kazi ya kikundi inabaki kulinda na kupunguza magugu. Huo ni ulinzi usio na sherehe wala picha za viongozi wakishika majembe, na pengine ndiyo sababu haupendwi.

Mimi ni mkimbizi kutoka Kongo, naishi Kyangwali. Naruhusiwa kujiunga?

Ndiyo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu wakimbizi kujiunga na vyama visivyo vya siasa wala vya faida. Kyangwali iko jirani na Bugoma, na lawama za kuni huangukia wakimbizi kwa urahisi hata pale ambapo malori yanayotoka usiku si yao. Kikundi chenye wenyeji na wakimbizi ndani yake hupunguza lawama hizo, na Kiswahili mara nyingi ndiyo lugha pekee ambayo Mnyoro, Mualuri na Mkongomani wataielewa wote katika kikao kimoja. Kumbukumbu za mkutano ziandikwe katika lugha hiyo, halafu nakala ya Kiingereza iandaliwe kwa ajili ya ofisi.

Je, kulinda msitu si kuwafukuza watu?

Imewahi kuwa hivyo. Bwindi ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, Wabatwa, walioishi katika msitu huo kabla ya sisi wote, walijikuta nje bila ardhi. Mwezi Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilikubali kwamba wametengwa na kuachwa nyuma, na ikaielekeza Mahakama Kuu iamue namna ya kuwarekebishia hali. Kikundi chochote cha ulinzi kilicho jirani na Bwindi, Mgahinga, Echuya au Semuliki ambacho hakina Mbatwa katika kamati yake kijiulize kinalinda kwa niaba ya nani.

Kikundi chetu kilikuwa na nguvu, mfadhili akaondoka, sasa hakuna anayehudhuria. Tuanzie wapi?

Anzieni na kitabu cha kumbukumbu za vikao. Mtafuteni aliyekuwa katibu, mchukue kitabu, mihuri, katiba na mkataba kama upo, kisha mwone usajili ulikwisha lini. Mara nyingi kinachohitajika ni kuuhuisha usajili huo gombolola, na wala si kuunda kikundi kipya ambacho kitaanza foleni upya. Badilisheni sahihi za benki ziwe za watu watatu wasio wa nyumba moja. Fanyeni kikao kimoja kwa mwezi, kifupi, siku ya soko, kwa sababu siku hiyo watu wako njiani hata hivyo, na ajenda yake iwe na mambo mawili tu: doria iliona nini, na pesa iko kiasi gani. Posho ya kuhudhuria isirudishwe. Ikiwa watu saba pekee watafika bila posho, chagueni kamati kutoka kwa hao saba.